Njegere za Padre Mendel, na Jinsi Mtoto Arithivyo Sura ya Wazazi Wake

Lugha ya Kiswahili haikosi maneno ya kueleza jinsi mtoto afananavyo na wazazi wake. Twasema mtoto ametwaa sura ya baba, au amechukua kwa mama. Na ndugu wawili twasema wamefanana kama shilingi kwa ya pili. Methali nazo zina shauri lake: "Maji hufuata mkondo", "Mtoto wa nyoka ni nyoka", "Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta." Lakini tukizipima methali hizi twaona ya kuwa zote zasema jambo moja tu, yaani mtoto hufuata mzazi. Hakuna hata moja katika hizo itwambiayo kwa nini mtoto asimfuate mzazi. Kwa nini baba na mama wamzae mtoto asiyefanana nao wote wawili. Hapo ndipo midomo ya watu ifunguliwapo, na maneno yatokayo mara nyingi si ya heri. Mke hushitakiwa uzinzi, au nyumba husemwa kuwa imelaaniwa.

Walakini wazee hawakukosa kuona ya kuwa sura yaweza kuruka kizazi kimoja na kutokea katika kizazi cha pili. Wakikuyu humpa mwana wa kwanza jina la babu mzaa baba, na mwana wa pili jina la babu mzaa mama; na mabinti nao hupewa majina ya mabibi kwa utaratibu uo huo. Desturi hii ina maana zake nyingine za ukoo, lakini yapatana vema na jambo lionwalo katika kila kijiji: mjukuu aliye na pua ya babu yake, wala baba yake hanayo.

Tena wasomaji wetu waikumbuke sura ya 30 ya Kitabu cha Mwanzo. Labani aliwatenga wanyama wote wenye madoadoa, akamwachia Yakobo wale wa rangi moja awachunge; na hao wa rangi moja wakazaa wenye madoadoa. Wengi wameshika habari ya zile fito zilizobambuliwa maganda, wakadhani ya kuwa mimba hufuata kile ambacho mama amekitazama. Imani hiyo ingaliko kwetu: mwenye mimba huambiwa asimcheke kilema, asije akazaa kilema. Huko Ulaya nako watu waliishika kwa karne nyingi. Wengine walidhani ya kuwa sifa za baba na mama huchanganyika kama maziwa na maji, zisiweze kutengwa tena. Hata Charles Darwin, aliyekitoa kitabu chake juu ya asili ya viumbe katika mwaka wa 1859, hakuijua kanuni ya urithi.

Aliyeivumbua kanuni hiyo alikuwa padre na mwalimu, na chombo chake kilikuwa kitanda cha njegere katika bustani ya watawa.

Johann Mendel alizaliwa katika mwezi wa Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, katika Dola ya Austria. Siku hizi mahali hapo pamo katika nchi ya Ucheki. Wazazi wake walikuwa wakulima, nao hawakuwa na mali ya kutosha kumsomesha. Katika mwaka wa 1843 aliingia katika monasteri ya Mtakatifu Tomaso, ya Shirika la Mtakatifu Augustino, katika mji wa Brünn, uitwao sasa Brno. Huko alipewa jina la Gregor, na katika mwaka wa 1847 akapewa upadre. Lakini kazi ya kuwatembelea wagonjwa na wenye kufa ilimlemea sana rohoni hata mwenyewe akaugua. Kwa hiyo abati wake, Cyrill Napp, alimpeleka kufundisha shule. Katika mwaka wa 1850 alifanya mtihani wa ualimu, akashindwa. Abati hakumkatia tamaa, bali alimpeleka Chuo Kikuu cha Vienna, akasoma huko tangu 1851 hata 1853. Aliporudi alifundisha tena. Akaujaribu mtihani mara ya pili katika mwaka wa 1856, wala hakufaulu. Basi mtu huyu, ambaye leo jina lake lafundishwa katika shule za dunia nzima, hakupata kamwe hati ya ualimu. Twaliandika jambo hili kwa ajili ya walimu wapimao akili za wanafunzi wao kwa mtihani mmoja.

Katika mwaka huo wa 1856 ndipo alipoanza majaribio yake. Bustani aliyopewa ilikuwa na urefu wa meta 35 na upana wa meta 7. Hakuchagua njegere kwa bahati tu. Ua la njegere hujifunga, nalo hujizalisha lenyewe kwa unga wake, yaani chavua. Kwa hiyo mbegu yake hubaki safi kizazi baada ya kizazi, isipokuwa mtu akiingilia kati. Mendel alipata aina 34 za njegere, akazijaribu kwa muda wa miaka miwili, apate kuwa na hakika ya kuwa kila aina yazaa iliyo sawa na yenyewe. Kisha akachagua sifa saba zionekanazo wazi, kila moja ina namna mbili: mbegu mviringo au yenye makunyanzi, mbegu ya manjano au ya kijani, shina refu au fupi, na nyingine kama hizo. Alilifungua ua lingali changa, akazikata nyuzi zenye chavua, akalipaka kwa brashi ndogo chavua ya mmea wa aina nyingine, akalifunga kwa kifuko ili mdudu asiingie. Ndivyo alivyomjua kwa yakini mama na baba wa kila mbegu.

Alipoyachanganya mazao ya mbegu mviringo na mazao ya mbegu zenye makunyanzi, watoto wote walikuwa mviringo. Makunyanzi yalitoweka kabisa; wala hazikuonekana mbegu za kati na kati, kama ingekuwa sifa huchanganyika mithili ya maziwa na maji. Mtu mwingine pengine angaliishia hapo, akasema ya kuwa mviringo ndio ulioshinda. Mendel alizipanda zile mbegu chotara, akaziacha zijizalishe zenyewe, kisha akahesabu wajukuu mmoja mmoja. Akapata mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zenye makunyanzi. Makunyanzi yalikuwa yamerudi! Katika sifa ya rangi alipata mbegu 6,022 za manjano na 2,001 za kijani. Sifa zote saba zilitoa jibu lile lile: wajukuu watatu wenye sifa iliyoshinda kwa mmoja mwenye sifa iliyojificha.

Basi maana yake ni nini? Mendel alifikiri hivi. Kila mmea una vitu viwili kwa kila sifa, kimoja umekipata kwa baba na kimoja kwa mama. Wakati wa kuzaa, mzazi hatoi vyote viwili, bali hutoa kimoja tu, nacho hutoka kama kura. Kitu kiletacho mviringo kikikutana na kiletacho makunyanzi, cha kwanza huonekana na cha pili hujificha. Lakini kilichojificha hakikuharibika, wala hakikuchanganyika, nacho chaweza kutoka tena kizima kwa mtoto. Vitu hivyo siku hizi huitwa jeni. Katika vitabu vya Kiswahili twakuta pia neno vinasaba, nalo ni neno lililochaguliwa vizuri, maana latokana na nasaba, yaani ukoo na vizazi vyake.

Jambo hili laweza kuonyeshwa shuleni bila ya vyombo vya gharama. Mwalimu na atwae vibuyu viwili. Kimoja kiwe baba, kimoja mama. Katika kila kimoja atie maharagwe meusi 50 na meupe 50, kisha avitikise. Mwanafunzi afumbe macho, atoe haragwe moja katika kila kibuyu. Hayo mawili ndiyo mtoto. Yaandikwe ubaoni, kisha kila haragwe lirudishwe katika kibuyu chake. Nyeusi na nyeusi ni namna moja. Nyeusi ya baba na nyeupe ya mama ni ya pili. Nyeupe ya baba na nyeusi ya mama ni ya tatu. Nyeupe na nyeupe ni ya nne. Namna ni nne, na kila moja ina nafasi sawa ya kutokea. Tukisema ya kuwa nyeusi ndiyo yenye kushinda, basi namna tatu za kwanza zitaonekana nyeusi, na ya nne peke yake itaonekana nyeupe. Wakitoa mara 10 hesabu yaweza kwenda upande. Wakitoa mara 400 wataona inakaribia 300 kwa 100. Mwingereza Reginald Punnett aliziandika namna hizo nne katika mraba wenye vyumba vinne, na mraba huo hutumika mashuleni mpaka leo.

Mendel hakutosheka na kudhani tu. Alijua ya kuwa, kama fikira yake ni ya kweli, basi katika wale wajukuu walioonekana mviringo sehemu moja kwa tatu wawe safi, na sehemu mbili wawe wameficha makunyanzi ndani. Akapanda mbegu 565 za mviringo apate kuona. Katika hizo 193 zilizaa mviringo tupu, na 372 zilizaa mviringo na makunyanzi pamoja. Hivyo macho hayawezi kuitambua mbegu yenye kuficha. Watoto wake ndio wamtoleao ushuhuda.

Katika mwaka wa 1865, tarehe 8 Februari na tena tarehe 8 Machi, Mendel aliwasomea habari hizi wanachama wa Jumuiya ya Elimu ya Viumbe ya Brünn, na katika mwaka wa 1866 zikapigwa chapa katika jarida lao. Hakuna aliyemwelewa. Alimwandikia Carl Nägeli, mtaalamu mkubwa wa mimea huko München, naye alimjibu kwa mashaka. Katika mwaka wa 1868 watawa wenzake walimchagua kuwa abati, na miaka yake ya mwisho ilimezwa na kazi za nyumba na ugomvi na serikali juu ya kodi ya monasteri. Alikufa tarehe 6 Januari 1884. Watu wa mji walimlilia kama mtu mwema; hawakujua ya kuwa wamemzika mwanzilishi wa elimu mpya. Ndipo katika mwaka wa 1900, watu watatu, Hugo de Vries, Carl Correns na Erich von Tschermak, kila mmoja kwa kazi yake mwenyewe, wakaifikia kanuni ile ile, na walipoyatafuta maandiko ya zamani wakaona padre amekwisha kuwatangulia. Katika mwaka wa 1936 Mwingereza R. A. Fisher alisema ya kuwa hesabu za Mendel zaikaribia mno kanuni kuliko kura ikubalivyo kwa kawaida, na wataalamu wamebishana sana juu ya neno hilo. Lakini kanuni yenyewe haikutikisika, kwa kuwa imejaribiwa mara nyingi mno na watu wengine.

Sasa na tuiache bustani ya Brünn, tuingie nyumbani kwetu. Katika Tanzania yakadiriwa ya kuwa mtu 1 katika kila 1,400 huzaliwa na ualbino, yaani ngozi, nywele na macho yake hayana rangi ya kutosha. Neno la zamani ni zeruzeru, lakini wengi wa wenyewe hulichukia kwa sababu limetumika kwa dharau, nasi twaona ni haki kusema mtu mwenye ualbino. Tangu karibu mwaka wa 2006, hasa katika mikoa ya kando ya Ziwa Viktoria, watu hawa waliwindwa na kuuawa kwa ajili ya viungo vyao, kwa imani ya kuwa vyaleta utajiri. Wakaitwa hata "dili", kana kwamba mtu ni bidhaa ya sokoni. Twaona hapa jinsi neno baya liwezavyo kulitangulia tendo baya.

Lakini kabla ya panga kulikuwa na ulimi. Mke aliyejifungua mtoto mweupe aliulizwa amelala na nani. Mwingine alirudishwa kwao. Mwingine aliambiwa ya kuwa mtoto ni mzimu au ni adhabu. Kanuni ya Mendel yatoa jibu lililo wazi kuliko yote. Namna ya ualbino iliyo ya kawaida kwetu ni sifa yenye kujificha, mfano wa yale makunyanzi. Ili mtoto azaliwe nao hana budi kupata kitu kimoja kwa baba na kimoja kwa mama. Mama peke yake hawezi kuuleta. Baba amwambiaye mkewe, "Mtoto huyu si wangu, kwa kuwa ni mweupe," asema neno lisilo na msingi. Maana, mtoto akiwa wake, weupe ule umetoka kwake kama ulivyotoka kwa mama, sawasawa kabisa.

Watu hustaajabu kwamba sifa hii yatokea katika ukoo ambao haijaonekana kamwe. Na tuhesabu. Mwingereza G. H. Hardy na Mjerumani Wilhelm Weinberg walionyesha katika mwaka wa 1908 jinsi ya kujua hesabu ya wenye kuficha. Tukiifuata njia yao, watu wenye ualbino wakiwa 1 katika 1,400, wale waufichao bila ya kuonekana ni kama mtu 1 katika kila 19. Nafasi ya watu wawili wa namna hiyo kuoana ni 1 katika 19 mara 19, yaani 361. Na nafasi ya mtoto wao kupata vitu vyote viwili ni 1 katika 4. Basi 361 mara 4 ni 1,444, nayo yaikaribia ile 1,400 tuliyoanza nayo. Mwalimu akilitazama darasa la watoto 40, na akumbuke ya kuwa pengine wawili kati yao wanaubeba ualbino nao hawajui, na huenda yeye mwenyewe akawa mmoja wao. Nani basi atamnyoshea mwenzake kidole?

Yatupasa kuongeza maelezo mawili. Kwanza, moja katika nne ni kura ipigwayo upya kwa kila mimba. Wazazi wakizaa mtoto mwenye ualbino, hiyo si ahadi kwamba watatu wamfuatao hawatakuwa nao. Haragwe limerudishwa kibuyuni. Pili, mtu mwenye ualbino akioana na mtu asiyeuficha, watoto wao wote wataubeba lakini hakuna hata mmoja atakayeonekana nao. Kwa hiyo wale wakatazao vijana wasioane na watu hawa kwa hofu ya watoto, wanaogopa wasipohitaji kuogopa.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo iongozayo ugonjwa wa selimundu, ambao chembe za damu huupata umbo la mundu. Katika mwaka wa 1949 James Neel alionyesha ya kuwa mgonjwa amepata kitu chake kwa wazazi wote wawili. Na Anthony Allison, aliyekulia Kenya, akichunguza damu za watu wa Afrika ya Mashariki, alionyesha katika mwaka wa 1954 ya kuwa mtu mwenye kimoja tu hukingwa kwa kiasi na malaria. Ndiyo sababu sifa hii imedumu katika nchi zenye mbu. Hapa kupimwa damu kwafaa sana, kwa kuwa wachumba waweza kujua mapema kama wote wawili wanaibeba.

Walakini elimu hii ina mipaka, na walioivuka waliwatenda watu maovu makubwa. Kimo cha mtu, rangi ya ngozi ya kawaida, na akili havifuati kitu kimoja kama njegere. Hufuata vitu vingi pamoja, na chakula, na maradhi, na malezi. Wako waliodhani ya kuwa umaskini na ujinga navyo hurithiwa kama makunyanzi ya mbegu. Jimbo la Indiana katika Marekani lilitunga sheria katika mwaka wa 1907 ya kuwahasi watu bila ya hiari yao, na Ujerumani ikafanya vivyo hivyo katika mwaka wa 1933, hata watu wapatao 400,000 wakatendwa hivyo. Mbali na dhuluma, hesabu yenyewe iliwapinga, maana sehemu kubwa ya sifa zenye kujificha imo ndani ya watu wasioonekana nazo.

Hivyo methali ya kuwa maji hufuata mkondo ni ya kweli, lakini mkondo mwingine hupita chini ya ardhi, ukatokea mbali pasipotazamiwa. Nayo methali isemayo "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo" haikutanguliwa na kanuni ya Mendel. Vibuyu na maharagwe vyaweza kutwambia mtoto atazaliwa na ngozi gani. Havisemi atakuwa mtu wa namna gani. Basi twawasihi walimu walifundishe somo hili mapema, wala wasingoje mpaka mtoto mwenye ualbino azaliwe kijijini. Siku hiyo ikifika, baba na mama watakuwa wamekwisha kuujua mraba wenye vyumba vinne, na kofia yenye ukingo mpana itatafutwa kwa ajili ya mtoto badala ya mganga.